Vidonge vya madini si kinga ya saratani ya tezi dume

Wahenga walinena kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Mtu aliyeingiwa na hofu ya maradhi hushika kila anachoambiwa, na wapo wenzetu waliokwisha kuigeuza hofu hiyo kuwa mtaji wa biashara. Siku hizi ni vigumu kupita katika kituo cha mabasi au sokoni bila ya kukutana na mchuuzi wa vidonge vya zinki na seleni. Mchuuzi huyo huwahakikishia wanaume waliotimu miaka hamsini kwamba damu yao imepungukiwa na madini, na kwamba upungufu huo ndio mlango unaopitiwa na saratani ya tezi dume. Mlango huo, asema, hufungwa kwa vidonge alivyonavyo mkobani.

Suala hili halistahili mzaha. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume nchini Kenya, na wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kupenya hadi mifupani, wakati ambapo daktari hawezi tena kuahidi zaidi ya kupunguza maumivu na kuurefusha umri. Mzee anayeyatumia mapeni yake ya kahawa au ya pensheni kununua vidonge, huku akijiona amekwisha kujikinga, anapoteza fedha na wakati. Fedha zaweza kutafutwa tena, lakini wakati uliopotea katika ugonjwa huu haurudi. Ndiyo maana nimeona yafaa tuyachambue madai haya ya madini katika damu, tujue lililo kweli na lililo hadaa.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba wachuuzi hawa hawakubuni jambo lisilo na asili kabisa. Mwili wa binadamu unahitaji madini fulani kwa viwango vidogo mno. Zinki yote iliyomo katika mwili wa mtu mzima ni gramu mbili hivi, na seleni ni haba zaidi, hata mahitaji yake ya kila siku hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Hata hivyo, pasipo madini hayo kinga ya mwili hudhoofu, vidonda hukawia kupona na watoto hudumaa. Aidha ni kweli kwamba tezi dume, ile tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mwanamume, huhifadhi zinki nyingi kuliko karibu kila kiungo kingine laini cha mwili. Wanasayansi wamegundua pia kwamba seli za tezi hiyo zikishageuka kuwa za saratani hupoteza uwezo wa kuihifadhi zinki hiyo.

Hapo ndipo mchuuzi anapoikatiza hadithi na kutoa vidonge. Lakini mwenye kutafakari atauliza swali moja: je, zinki ilipungua kwanza ndipo saratani ikaingia, au saratani iliingia kwanza ndipo zinki ikapungua? Mtu akikuta moto umezimika na sufuria imepinduka, hawezi kuapa kwamba moto ulipozimika ndipo sufuria ikapinduka. Kadhalika, damu ya mgonjwa wa saratani ikionekana kuwa na zinki kidogo, jambo hilo halithibitishi kwamba uhaba wa zinki ndio uliomletea ugonjwa. Mwili wenye uvimbe au maambukizi huiondoa zinki katika damu na kuihamishia kwenye ini. Isitoshe, zinki iliyomo katika maji ya damu haifiki hata sehemu moja ya mia ya zinki yote mwilini. Kuipima damu na kutangaza hali ya tezi dume ni sawa na kuchungulia sebuleni na kudai kwamba umekwisha kuona vilivyomo ghalani.

Njia ya kulijibu swali hilo ni moja tu, nayo ni majaribio. Huchukuliwa watu wengi, nusu wakapewa madini na nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu, kisha wakangojewa kwa miaka. Majaribio hayo yamekwisha kufanywa, na kisa chake ndicho ninachotaka kila mzee akijue kabla ya kufungua kibindo.

Mnamo mwaka 1996, Larry Clark wa Chuo Kikuu cha Arizona nchini Marekani na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu 1,312 waliokuwa wamewahi kuugua saratani ya ngozi. Shabaha yao ilikuwa kujua iwapo mikrogramu 200 za seleni kila siku zingezuia saratani hiyo isirudi. Haikuzuilika. Walakini, walipohesabu magonjwa mengine waliona kwamba wanaume waliomeza seleni walipata saratani ya tezi dume kwa kiwango kilichokuwa chini kwa zaidi ya nusu kikilinganishwa na cha wenzao. Habari hizo zilienea kama moto wa nyika. Maduka yakajaa seleni, na madai tunayoyasikia leo katika masoko yetu yana mizizi yake katika siku zile.

Wataalamu wenyewe hawakukimbilia maduka. Walijua kwamba jambo lililoonekana kwa bahati katika jaribio lililokusudiwa mengine lahitaji kuthibitishwa. Basi mwaka 2001 ukaanzishwa utafiti mkubwa uliojulikana kwa jina la SELECT, uliowaandikisha wanaume 35,533 katika vituo zaidi ya 400 nchini Marekani, Kanada na Puerto Rico. Wanaume weusi waliruhusiwa kuingia wakiwa na miaka 50, ilhali wengine walitakiwa wawe wametimiza 55, kwa kuwa ilikuwa inajulikana kwamba ugonjwa huu huwashika wanaume weusi mapema na kwa ukali zaidi. Baadhi walipewa seleni, baadhi vitamini E, baadhi vyote viwili, na waliosalia wakapewa vidonge vitupu. Wote walikuwa wazima wa afya walipoanza.

Utafiti huo ulikusudiwa kuendelea kwa miaka mingi, lakini mwezi wa Oktoba mwaka 2008 waliojitolea waliambiwa waache kumeza vidonge, kwa sababu hapakuwa na dalili yoyote ya manufaa. Mwaka 2011 yakaja matokeo ya kutisha zaidi. Miongoni mwa wale waliomeza vidonge vitupu walikuwa wamepatikana wagonjwa 529 wa saratani ya tezi dume. Miongoni mwa waliomeza vitamini E pekee walipatikana 620, ongezeko la asilimia 17 ambalo wachunguzi walikata shauri kwamba halikutokana na bahati. Waliomeza seleni pekee walikuwa 575. Seleni, ambayo ilisifiwa kuwa ngao, haikukinga lolote.

Mwaka 2014 watafiti wa SELECT walitoa sehemu ya mwisho ya kisa. Kabla ya jaribio kuanza walikuwa wamekusanya vipande vya kucha za miguu za wanaume hao, kwa maana ukucha hukua taratibu na huhifadhi kumbukumbu ya seleni ya miezi mingi, tofauti na damu ambayo hubadilika upesi. Walipozipima kucha hizo waligundua kwamba wanaume waliokuwa na seleni ya kutosha tangu hapo, kisha wakaongezewa vidonge, hatari yao ya kupata saratani kali ya tezi dume iliongezeka kwa asilimia 91. Waliokuwa na seleni kidogo hawakudhurika na seleni hiyo, lakini pia hawakufaidika. Basi mtu aliyekuwa mzima, aliyeingia dukani kutafuta kinga, aliweza kutoka amejikaribisha kwenye ugonjwa ule ule aliokuwa akiukimbia.

Hata zinki ina kisa chake. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanaume 46,974 wa Marekani wanaofanya kazi za afya kwa muda wa miaka 14. Wale waliokuwa wakimeza zaidi ya miligramu 100 za zinki ya vidonge kwa siku walionekana kuwa na hatari ya saratani ya tezi dume iliyokwisha kukomaa ambayo ilizidi maradufu ile ya wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba zinki ndiyo iliyosababisha, nami sitaki kuutumia kwa njia ile ile ninayowalaumu wachuuzi. Lakini mahitaji ya mwanamume mzima ni miligramu 11 hivi kwa siku, na yajulikana vyema kwamba zinki ikizidi kwa muda mrefu huuzuia mwili kufyonza shaba, hata mtu akaishiwa na damu na mishipa ya fahamu ikaharibika. Madini haya ni kama chumvi katika mchuzi: ikikosekana chakula hakiliki, na ikizidi pia hakiliki.

Msomaji ataniuliza: je, Waafrika si maskini wa madini hayo, tofauti na Wamarekani wanaokula wakashiba? Swali hilo ni la haki. Udongo hautofautiani kwa rangi tu. Utafiti uliofanywa Ethiopia na Malawi na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba nafaka ya aina moja huweza kuwa na seleni nyingi mahali pamoja na kidogo sana mahali pengine, kulingana na ardhi ilimomea. Hapa kwetu, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 ulibainisha kwamba upungufu wa zinki umeenea mno, hususan kwa watoto. Sikatai hata kidogo kwamba upungufu huo upo na kwamba yafaa uondolewe.

Lakini dawa ya upungufu wa taifa zima haitoki mkobani mwa mchuuzi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji waongeze zinki na chuma, pamoja na vitamini kadha, katika unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa na kuuzwa. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba kila kiwanda kinatii na kwamba kilichoandikwa kwenye pakiti ndicho kilichomo ndani. Maharagwe, njugu, nyama, mayai na dagaa vina madini haya kwa kiwango ambacho hakiwezi kumdhuru mtu. Isitoshe, kuondoa upungufu ni jambo moja na kuzuia saratani ni jambo jingine. Aliyepungukiwa na zinki akila vyema atapata nguvu na kinga, lakini hakuna jaribio lolote lililoonyesha kwamba tezi dume yake itakuwa imewekewa bima.

Yapo madini mengine ambayo kuwamo kwake damuni ni jambo la kuhofiwa kweli, na hayo mchuuzi hayataji kwa kuwa hana faida nayo. Kadimi ni mojawapo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 1993 katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na ingawa ushahidi ulio thabiti ni wa mapafu, kuna dalili pia kuhusu tezi dume, japo bado ni hafifu. Ikishaingia mwilini hukaa kwenye figo kwa miongo ya miaka. Kwa mvutaji sigara mlango wake mkuu ni moshi wa sigara. Mzee anayenunua vidonge vya madini kwa mkono mmoja na kuwasha sigara kwa mkono wa pili anajenga huku akibomoa.

Kipimo cha madini katika damu kina pahala pake palipo halali. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa walipimwa damu ikapatikana na risasi, iliyotokana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu jirani yao. Vipimo hivyo vilikuwa sehemu ya ushahidi uliowawezesha kushinda kesi yao mwaka 2020, mahakama ilipoamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hapo damu ilichukuliwa, ikapelekwa maabara, ikasema neno lililokuwa na maana, kwa kuwa swali lililoulizwa lilikuwa swali ambalo damu yaweza kulijibu.

Linganisha hayo na mambo yafanyikayo vijijini. Kuna chombo kinachotembezwa huku na huku, ambacho mtu hushikishwa fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta ndogo, na baada ya dakika moja au mbili hutolewa karatasi ndefu inayodai kuorodhesha zinki, seleni, chuma na shaba zilizomo mwilini mwake, bila ya kutolewa hata tone moja la damu. Nimewahi kuonyeshwa karatasi za aina hiyo, na lililonishangaza ni kwamba kila upungufu uliotajwa ulikuwa na dawa yake tayari katika mkoba wa mpimaji. Maabara ya kweli hupima madini haya kwa mitambo ya ghali, na hata chupa ya kutilia damu huwa ni maalumu, maana kifuniko cha mpira cha chupa ya kawaida chaweza kuitia damu zinki isiyokuwa ya mgonjwa. Anayedai kuyajua hayo yote kwa fimbo anawacheza shere wazee wetu.

Je, mwanamume afanye nini? Asihadaike na matumaini, wala asikate tamaa. Kipo kipimo cha damu kinachohusu tezi dume hasa, kiitwacho PSA, ambacho hupima protini itengenezwayo na tezi hiyo. Nacho pia si msema kweli daima. Protini hiyo hupanda kwa sababu ya saratani, lakini hupanda vilevile kwa sababu ya maambukizi au kwa kuvimba kwa tezi kusikokuwa na madhara makubwa, kunakowapata wazee wengi. Kwa hiyo daktari huongeza uchunguzi wa kidole, na ikibidi picha, kisha huchukua kinyama kidogo kikapimwe. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza mwaka 1993 ulitoa mwaka 2025 hesabu ya miaka 23: wanaume walioalikwa kupimwa PSA walikufa kwa ugonjwa huu kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 13. Faida hiyo si kubwa kama tungependa, na baadhi yao walitibiwa saratani ambazo pengine zisingewasumbua maishani. Ndiyo sababu yafaa mtu azungumze na daktari kwanza, akipima faida na hasara, hasa akishafika miaka hamsini, na mapema zaidi iwapo baba au ndugu yake aliugua.

Nami nashuku kwamba vidonge vinanunuliwa sana kwa sababu havimwaibishi mtu. Kumeza tembe hakuhitaji kuvua nguo wala kumweleza daktari kijana kwamba unaamka mara tano usiku kwenda haja ndogo na mkojo unatoka kwa shida. Wazee wetu walifunzwa kuvumilia na kunyamaza, na uchunguzi wa kidole umefanyiwa mzaha katika vilabu na mabaraza hata ukawa kama tusi. Lakini mficha uchi hazai. Wake na watoto wana wajibu wa kulizungumza jambo hili bila kicheko, na madaktari nao wana wajibu wa kumstahi mzee aliyejikaza akaja.

Serikali haiwezi kujitoa katika lawama. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na inampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo yanayomwezesha kukifaidi anachokinunua. Haki hizo zinakanyagwa kila siku sokoni. Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na Shirika la Viwango yapasa washirikiane kumtaka kila anayetangaza kwamba kidonge chake huzuia au kuponya saratani athibitishe, au afikishwe mahakamani. Vituo vya redio navyo vijiulize iwapo fedha za matangazo hayo ni halali kuzipokea. Kaunti nazo, ambazo zimekabidhiwa afya ya wananchi mashinani, zihakikishe kwamba kipimo cha PSA na daktari wa kukifasiri vinapatikana hospitalini kwa gharama ambayo mkulima anaimudu. Ni bure kumkemea mzee kwa kununua vidonge vya mchuuzi wakati ambapo mchuuzi humfikia mlangoni, ilhali hospitali inayopima iko umbali wa nauli ya siku nzima.

Sayansi imeonyesha ujasiri katika jambo hili. Watu walioitumainia seleni waliijaribu kwa haki, wakaona imeshindwa, wakatangaza hadharani. Sisi nasi tuwe na ujasiri huo huo. Ewe mzee uliye na chupa ya vidonge kabatini, ichukue uende nayo kwa daktari, umwonyeshe unachokimeza, kisha umwombe azungumze nawe juu ya kupimwa tezi dume. Mazungumzo hayo yatakufaa kuliko vyote vilivyomo ndani ya chupa hiyo.